Nyumba ya Kupitia

Tulipomzika Mama Mdogo, mvua ya Kyela ilikuwa imepumzika kidogo, kama inavyofanya inapotaka kurudi na nguvu zaidi. Watu walikaa kwenye mikeka chini ya turubai wakinywa chai, nami nikawa nasikia mazungumzo ya nyuma yangu bila kugeuka. Mwanamke mmoja wa Ipinda, nisiyemjua, alikuwa akimweleza mwenzake kwamba amekuja msibani kwa sababu ya paka. "Paka?" mwenzake akauliza. "Ndiyo, paka. Alinipa paka mwaka ule nilipofungua stoo ya mchele. Mpaka leo paka wote wa kwangu ni uzao wa yule." Mama mwingine akadakia kwamba wao walichukua mbwa. Kisha mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akasema yeye alinyimwa. "Alinitazama hivi, akaniambia nirudi nikiacha pombe. Nikaacha, nikarudi, akanipa." Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kujiziba mdomo kwa upande wa kanga. Nikainamisha kichwa. Walionitazama walidhani nalia, lakini kwa kweli sikuwa nikilia. Nilikuwa nimesharudi katika nyumba ile ya Bondeni, nikinusa harufu ya kakao inayochacha na vichwa vya samaki vinavyochemka, na nilikuwa msichana tena.

Ya nyumbani kwetu Ngana nayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza shule, na nikapelekwa mjini kwa mdogo wake mama kujifunza kushona. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu tangu utoto wangu yalijaa ghafla sabuni za rangi, mafuta ya nywele na redio. Ila cherehani ya Mama Mdogo, niliyotumwa kuijua, ndiyo kwanza ilikuwa inanyamaza. Mitumba ilikuwa imeingia. Marobota yalivuka mto Songwe kutoka Malawi, na mmoja wa waliokuwa wakiyavusha alikuwa mume wake mwenyewe, Baba Mdogo Athumani, ambaye binti yao Zena alikuwa ameolewa Karonga, kulekule Malawi. Kwa hiyo katika sebule moja palikuwa na mashine iliyofunikwa kitambaa cheupe, na pembeni yake marobota ya nguo zilizoifanya ifunikwe. Sijawahi kuwasikia wakigombana juu ya jambo hilo. Niliwasikia tu wakilizunguka. Ukuta wa chumba changu haukufika darini, na mchana baada ya chakula, walipojilaza, maneno yao yalipanda juu ya ukuta yakanishukia kama mvuke. "Mama Zena," angesema, "si ungekuja sokoni tukauze pamoja?" Naye angejibu, "Nguo ya mtu mwingine siwezi kuisifia." Halafu ikawa sauti ya mvua tu, ikitembea juu ya bati kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine.

Wanyama walianza na paka mmoja. Shirika fulani lilikuwa limefungwa, wafanyakazi wakapakia vitanda na makabati yao kwenye malori wakarudi makwao, na kwenye malori hayo hapakuwa na nafasi ya kila kiumbe. Mama Mdogo alikuwa anatoka sokoni akamkuta paka amekaa mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, anautazama. Akapita. Kesho yake akamkuta palepale. Akamweka kwenye kikapu chake cha vitambaa, akamleta nyumbani, akamlaza ndani ya droo ya cherehani juu ya vipande vya kanga. Alisema atamtunza mpaka apatikane mtu wa kumchukua. Mtu alipatikana, lakini kufikia hapo walikuwa wameshakuja paka wengine, na mbwa mwenye mguu uliovunjika, na mbwa jike mwenye watoto aliyezalia chini ya kibanda cha ushuru. Watu wa Bondeni wakishajua kwamba kuna mlango unaofunguka, hawasahau njia yake. Tuliamka asubuhi tukakuta boksi kibarazani likilia.

Hakuwapa majina. Aliwaita kwa mahali alikowaokota: Wa Stendi, Wa Sokoni, Wa Kasumulu. Nilimuuliza sababu, akasema jina ni la mwenye nyumba watakakokwenda. "Hapa ni pa kupitia tu, Atupele. Wale washibe, wapone, waende." Paka walikaa chumba cha kushonea, mbwa walikaa uani, na mpaka ulikuwa kizingiti cha mlango wa nyuma. Mpaka huo aliuweka Baba Mdogo. Yeye alikuwa Mwislamu wa kuswali swala zake zote kwa wakati, na mkewe alikuwa Mkristo aliyeimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, na kwa miaka yote ya ndoa yao walikuwa wameishi kwa kuheshimiana mipaka midogomidogo ya namna hiyo. Birika lake la udhu lilikaa juu ya meza ndefu ambayo mbwa hawezi kufikia. Alipokatiza uani alikusanya kanzu yake kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka maji, na mbwa walimpisha. Hakuwahi kuwapiga wala kuwatukana. Hakuwagusa tu, kamwe, na wao kama vile walijua.

Nakumbuka zaidi milo. Jioni tulipika wali wa mchele mpya wenye harufu inayotoka hadi barabarani, na usipa, dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakalia kama majani makavu, na ndizi zilizochemshwa na maziwa mgando. Ukoko wa sufuria tuliuloweka kwenye mchuzi wa vichwa vya samaki, huo ukawa wa mbwa. Baba Mdogo alikula kwenye kiti chake karibu na mlango, na sisi wawili kwenye mkeka, na nje ya kizingiti macho ya mbwa yalijipanga mstari. Wakati mwingine ukungu ulishuka kutoka milima ya Livingstone, ukaingia uani, mbwa wakawa vivuli, na ningeweza kuamini kwamba nyumba yote imeelea na tunakula juu ya wingu.

Wachukuaji walikuja mchana. Wafanyabiashara wa mchele walihitaji paka, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa na stoo na kila stoo ilikuwa na panya. Wenye maduka walihitaji mbwa, kwa sababu sasa palikuwa na kitu cha kuibwa. Mama Mdogo aliwakalisha kwenye benchi akawahoji kama mzazi anayeombwa mchumba. "Utamlisha nini?" alimuuliza mwanamume mmoja. "Panya, mama." "Panya wakiisha?" Yule bwana akakuna kichwa. "Basi atakula ninachokula." "Na wewe unakula nini?" Akashindwa kuvumilia akacheka, na Mama Mdogo ambaye hakuwa amecheka akamwambia, "Nakuuliza kweli." Akimkubali mtu, alimkabidhi mnyama kwa mikono miwili, akasema "Ndaga fijo," asante sana, kama vile yeye ndiye aliyepewa. Kisha alifua kitambaa alicholalia yule aliyeondoka, akakianika, na hakuongea mpaka kikauke.

Baadaye maishani nilikuwa matroni katika shule ya bweni. Nilipokea wasichana wakilia na mabegi yao, nikawalaza, nikawauguza malaria, nikawasuka, na baada ya miaka minne nikasimama getini nikiwapungia. Wenzangu waliniuliza nawezaje. Sikujua namna ya kuwaeleza kwamba nilijifunza uani kwa mtu, kati ya mabeseni ya mchuzi wa samaki, kwamba kumpenda kiumbe na kumwandaa aondoke ni kazi moja. Nilifundishwa hivyo na wawili wale, Mama Mdogo na mumewe, lakini zaidi nilifundishwa na mbwa mmoja ambaye hakutaka kuondoka mahali pake.

Nje kidogo ya mji palikuwa na ghala la mazao lililofungwa mwaka uleule. Mlinzi wake aliachishwa kazi akaenda kwao, na mbwa aliyekuwa akilinda naye akabaki getini. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo uliolowa, sikio moja limechanika. Ndani ya ghala hapakuwa na hata punje. Yeye alilala mbele ya lile geti lenye kutu, akimbwekea kila anayekaribia. Mama Mdogo alimpelekea chakula siku nyingi kabla hajakubali kamba. Tulimwita Lindo. Kwa mara ya kwanza ilikuwa kama jina, na Mama Mdogo alilitoa mwenyewe bila kujishtukia. Alikuja nasi kwa upole, akala, akajilaza chini ya mgomba. Asubuhi hakuwepo. Tulimkuta getini. Tukamrudisha, akaondoka tena. Tulipandisha ua, akachimba chini yake. Hakuwa anatukimbia. Tulipofika pale alitupokea kwa furaha, mkia ukipiga vumbi, kama mwenyeji anayefurahi kutembelewa kazini.

Ndipo likaja tangazo. Palikuwa na habari za kichaa cha mbwa vijijini, na chanjo iliyokuwa ikija bure zamani sasa ilikuwa ya kununua, na hata wa kuiuza hakuwepo. Gari lenye kipaza sauti lilipita mitaani likisema mbwa wote wafungwe. Mbwa atakayekutwa nje bila mwenyewe atapigwa risasi. Tuliwafunga wote. Lindo tulimfunga kwa kamba mbili. Ijumaa mchana, mvua ikiwa imekatika na jua likitoa moshi kwenye madimbwi, nilikwenda kumpelekea maji nikakuta kamba zote mbili zimetafunwa.

Tulikimbia, Mama Mdogo peku, mimi na ndala moja. Mlio wa bunduki ulisikika upande wa soko, kisha mwingine karibu zaidi. Tulipokata kona ya ghala tuliona watu wamesimama. Bwana wa bunduki alikuwa pale na wasaidizi wake wawili wenye kamba. Na mbele ya geti, kati ya bunduki na Lindo, alisimama Baba Mdogo katika kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, kofia kichwani, msala umekunjwa kwapani. Alikuwa anatoka msikitini. Lindo alikuwa nyuma yake, amekaa wima, kwa heshima kabisa, akidhani labda amepata mlinzi mwenzake.

"Sogea, mzee," alisema bwana wa bunduki, bila ukali.

"Tangazo lenu lilisema mbwa asiye na mwenyewe," alisema Baba Mdogo. "Huyu ana mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi."

Watu wakaguna. Yule bwana alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Shehe, wewe na mbwa wapi na wapi?"

"Nimekwambia ni wangu."

"Basi kama ni wako mchukue. Sasa hivi. Uondoke naye."

Mama Mdogo alipiga hatua, akataka kwenda, kisha akasimama. Sote tuliona mumewe hana kamba. Baba Mdogo alitazama chini kwa muda. Kisha akampa mtu msala wake amshikie, akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya kifua cha Lindo na mwingine chini ya mapaja, akamnyanyua. Mbwa mkubwa yule, mwenye matope mpaka tumboni, aliyembwekea kila mtu, hakutoa sauti. Alilaza kichwa begani pake. Wakapita kati yetu hivyo, barabara nzima, mbele ya maduka, mbele ya waumini wenzake waliokuwa bado wanatoka swala, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alimwamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," kama siku nyingine yoyote, na Baba Mdogo akamwitikia huku mate ya mbwa yakimtiririka shingoni.

Nyumbani alimshusha uani, akabaki amesimama mikono ikiwa mbali na mwili. "Nipe udongo," alimwambia mkewe. Mama Mdogo alichimba kwa vidole udongo safi chini ya mgomba wa nje ya ua, akauleta kiganjani. Alimmiminia maji, naye akajipaka udongo na kujiosha, kisha maji tena, na tena, kwa utaratibu anaotakiwa mtu wa dini yake akiguswa na mate ya mbwa. Mama Mdogo alimmwagilia taratibu sana, akihama naye kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, kutoka kiwiko hadi shingoni. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi.

"Umeharibu kanzu ya Ijumaa," alimwambia.

"Kanzu inafuliwa."

"Watasema mjini."

"Waseme." Akakung'uta maji mikononi. "Mama Zena, moyo wake unapiga kwa nguvu. Nimeusikia hapa." Akagusa kifua chake palipolowa.

Baada ya siku ile nyumba ilibadilika kwa namna isiyosemeka kwa sauti. Alisogeza kiti chake cha chakula karibu zaidi na kizingiti. Alimsimulia Lindo bei za Karonga. Na walipokuja watu kumtaka, yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kukataa. Huyu ana watoto wakorofi. Yule sauti yake ni ya ukali. Mwingine alikuwa mwema bila shaka, lakini nyumba yake ilikuwa bondeni mno na mafuriko yangekuja. "Baba Zena," Mama Mdogo alisema mchana mmoja, na maneno yakapanda juu ya ukuta wangu, "unamtafutia mbwa mume?" Baba Mdogo hakucheka. "Abaki," alisema. "Kwani akibaki?" Hapo ndipo nilipomsikia Mama Mdogo akitumia sauti ya kubembelezea wanyama, ambayo alikuwa haitumii kwa mtu. "Kila ukilegeza kamba anarudi kwenye lile geti. Hapa kwetu analishwa, lakini hana anachokilinda. Tutamfunga maisha? Siku tukisahau, na wewe huko mtoni, nani atasimama mbele ya bunduki?" Mvua ilinyesha muda mrefu. Hatimaye Baba Mdogo akauliza, "Una mtu?" Mkewe akajibu, "Ninaye."

Alikuwa Bibi Sekela, mfinyanzi wa Ikombe, kule Mama Mdogo alikokulia, ambako barabara haifiki. Mbuzi na ngedere walikuwa wakimvunjia vyungu vibichi akiwa ameanika, naye alikuwa amezeeka kuwakimbiza. Mama Mdogo alisema haendi. Alikuwa na paka wagonjwa. Kwa hiyo tulikwenda mimi na Baba Mdogo, kwa gari la mizigo hadi Matema, tukasubiri gulio la vyungu la Lyulilo limalizike, na wafinyanzi walipokuwa wanarudi wakatupa nafasi katika mtumbwi. Sijawahi kuona ziwa kama siku ile. Lilikuwa limetulia kama maziwa yaliyoganda, milima ikisimama ndani yake kichwa chini, na mbali, katikati ya maji, visubi wa ziwani, wadudu wadogo kama mbu, walikuwa wamepanda angani kwa mamilioni yao, nguzo za moshi zisizo na moto, zikitembea polepole kuelekea upande wa Malawi. Wanawake walipiga makasia wakiongea Kikisi, lugha yao ya ufukweni, kwa sauti ndogo. Baba Mdogo, aliyeogopa maji maisha yake yote, alikaa katikati ya mtumbwi. Lindo alijilaza miguuni pake, na mkono wake ulikuwa juu ya lile sikio lililochanika tangu tulipoondoka mpaka tulipofika.

Bibi Sekela alitupokea akiwa na udongo hadi viwikoni. Vyungu vyake vilikuwa vimeanikwa mchangani, vibichi, vya kijivu, mamia yao, vinywa vikitazama juu. Baba Mdogo alianza kueleza: anapenda ukoko, usimpe mifupa ya kuku, radi inamtisha. Kabla hajamaliza, mbuzi akatokea nyuma ya nyumba akielekea vyungu. Lindo aliinua kichwa. Alimwendea yule mbuzi bila papara, akabweka mara moja, akamrudisha alikotoka. Kisha akarudi, akapita kati ya vyungu asiguse hata kimoja, akajilaza mahali anapoweza kuviona vyote. Alitupa mgongo. Tulikunywa uji, tukaaga, tukaingia mtumbwini, na hakuinuka. Baba Mdogo alimwita mara moja kwa jina. Mkia ulipiga mchanga, lakini macho hayakuacha vyungu. "Yuko kazini," Baba Mdogo akaniambia.

Tulifika Bondeni kesho yake saa ya chakula. Mama Mdogo alikuwa amepika. Aliweka sahani, akaweka mboga, akauliza habari za barabara, za ufukweni, za afya ya Bibi Sekela. Hakuuliza kingine. Baba Mdogo alinawa, akaketi, akasema, "Amepata pa kukaa. Hakutuangalia hata tulipoondoka." Mama Mdogo akaitikia kwamba ni vizuri, akachukua upawa, akauchovya kwenye sufuria ya wali, na ukabaki humo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona akiwakabidhi watu wanyama kwa mikono miwili na kushukuru, na sikuwahi kuona chozi. Sasa machozi yalimshuka hadi kidevuni, wala hakuyafuta. Baba Mdogo aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumba ile wakati wa chakula, akaja akaketi mkekani kando yake. Akautoa upawa taratibu mkononi mwake, akampakulia wali, akanipakulia na mimi, kisha akajipakulia mwenyewe, na tukala watatu, sahani zikigusana, mpaka sufuria ikaisha.